Barua kwa mwanangu anayetunga mji wa Mirihi

Newala, Mtwara

Mwanangu,

Sura ya kwanza ya hadithi yako imenifikia, pamoja na maelezo uliyoambatisha. Sisi ni wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua, na baba yako haonekani nyumbani asubuhi kwa sababu ya salfa. Ugonjwa wa ubwiri unga ukishaingia shambani hauna msamaha.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, mbona mji wako wa kwenye sayari ya Mirihi hauna uhai, ingawa una mahandaki, magari na majumba ya kioo. Pili, kama siasa uiondoe, maana wenzako wamekwambia wasomaji wameichoka, wanataka safari na vita. Kwangu mimi hilo ni swali moja. Mji wako hauna uhai kwa sababu siasa umekwisha kuiondoa.

Umenieleza rangi ya anga na mlio wa mitambo, na umeeleza vizuri. Lakini sijamwona mtu hata mmoja amepanga foleni. Watu wako wanavuta hewa bure, kama tunavyovuta hapa, wakati wewe mwenyewe umeniandikia kwamba hewa ya huko karibu yote ni kaboni dioksaidi. Umeniandikia pia kwamba chombo cha Marekani, Perseverance, kilichotua mwaka 2021, kilikwenda na mtambo mdogo wa kutoa oksijeni kwenye hewa hiyo, na majaribio yote yakiunganishwa zilipatikana gramu 122. Mtu mzima hutumia zaidi ya gramu 800 kwa siku moja. Sasa mwanangu, kitu kinachotengenezwa kwa gramu kitapimwa, na kikipimwa kuna mtu ameshika mizani. Huyo ndiye uliyemsahau.

Na wewe umekulia kwenye mizani! Unaijua hali ya chama cha msingi cha ushirika kuanzia Oktoba, msimu wa korosho. Mkulima anashusha magunia, karani anapima na kuandika, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unapigwa, fedha inaingia siku nyingine kabisa. Mfumo huo, stakabadhi ghalani, ulipoanza huku mwaka 2007 niliuunga mkono, na mpaka leo nautetea, kwa sababu kabla yake mkulima alikuwa anapatana na mnunuzi peke yake barazani, njaa ikiwa ndiyo dalali. Lakini kangomba, ile biashara ya kununua korosho kabla hazijavunwa, haikufa. Mwenye mgonjwa mwezi wa saba hana korosho, ana maua. Anakuja mtu na fedha mkononi, anazinunua zikiwa bado maua, kwa bei ya kuliza. Oktoba ikifika, mwenye shamba anaokota mali ya mtu mwingine, tena chini ya mikorosho aliyoipanda babu yake.

Lichukue jambo hilo ulipeleke Mirihi. Kila mkazi ana mgawo wake wa hewa wa mwezi. Mtoto anaugua, mama yake anauza mgawo wa mwezi ujao ili apate dawa leo. Nani ananunua? Anauweka wapi? Baraza la mji linajua au linajifanya halijui? Likipiga marufuku biashara hiyo, yule mama dawa ataipata kwa nani? Jibu maswali hayo kwa uaminifu utakuwa na kitabu kizima, na hutahitaji kombora hata moja.

Kumbuka msimu wa 2018. Wakulima waliikataa bei ya mnadani iliyokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa 3,300 na jeshi litasomba mzigo. Tangazo lilikuwa moja, lakini kila nyumba lilipokewa kivyake. Huku wanashangilia, kule mwenye lori anajiuliza atabeba nini, na jirani aliyefanya kangomba anasikia habari za kuhakiki nani hasa mwenye shamba na usingizi unampaa. Siasa ninayokuomba uiandike ndiyo hiyo. Hotuba za baraza unaweza kuziruka, lakini onyesha lilivyopokewa tangazo mezani, watu wakila.

Lipo jambo lingine kwenye maelezo yako ambalo hukulitumia, na ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Unasema ujumbe kutoka Dunia hadi Mirihi unachukua kati ya dakika 3 na 22, na kwamba kila baada ya miezi kama 26 jua linakaa katikati, mawasiliano yakasimama kwa muda wa wiki mbili hivi. Umeliandika kama habari ya mafundi. Kwa mtu wa Kusini hiyo ni masika. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilipofurika sisi tulikuwa kisiwa. Mwenye duka aliyewahi kujaza sukari na mafuta ya taa ndiye aliyeongea kwa sauti siku hizo, na watu wazima walimwamkia kwa adabu mpya. Hata baada ya daraja, mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, na bei sokoni zikasikia kabla ya redio kusema. Basi niambie, katika wiki mbili hizo za Mirihi nani amejaza ghala mapema? Mkuu wa mji anaamua nini akijua Dunia haitasikia mpaka mambo yamekwisha? Mimi hadithi ningeianzia siku ya kwanza ya kimya hicho.

Habari ya gesi ya Mtwara sitairefusha, uliyaona mwenyewe ya 2012 na 2013, watu walipopinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Ila mgodi wako unapeleka madini Duniani kila mwezi na hakuna mchimbaji hata mmoja anayeuliza kinabaki nini. Haiwezekani. Mtu huuliza, hata kama anauliza chini chini.

Halafu umeandika, “Mizigo ilishushwa.” Na nani? Kule Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mifupa ile ilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku nne hivi, watu ambao vita ya Majimaji na njaa iliyoifuata vilikuwa bado vibichi kwao. Msimamizi wao mashuhuri, Boheti bin Amrani, alikuja kupewa heshima ya jina la dinosaria mwaka 2007: Australodocus bohetii. Karibu karne nzima! Wape wapakuzi wako majina tangu ukurasa wa kwanza, mwanangu. Hilo naliomba kwa moyo wote.

Mwisho ni huyu mkuu wa mji. Umemfanya katili, na katili hanifundishi kitu, namchukia nafunga kitabu. Mfanye mtu mwema mwenye ramani nzuri. Waingereza walioleta mradi wa karanga Nachingwea mwaka 1947 walitaka mafuta ya kula kwa watu wao waliotoka vitani. Wakajenga reli kutoka Mtwara, wakaanzisha bandari ya kina kirefu, wakaleta mitambo ya kung'oa misitu. Kuijua mvua na udongo wa mahali hawakungoja. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari tunayo hadi leo, na ni nzuri. Mtu wa namna hiyo ndiye mgumu kumpinga, kwa kuwa nia yake haina doa na anaamua akiwa mbali. Mpe yule mshika mizani uliyemsahau mabishano na mtu huyo, na usiniambie mapema nani ana haki.

Sura ya pili nitumie iliyochapwa, herufi kubwa, kwa mtu yeyote anayepanda basi la Masasi. Simu inaniumiza macho. Mkwe wangu na wajukuu nawasalimu sana. Mwambie yule mkubwa korosho za kubangua za bibi zipo, nimemfungia kwenye mkebe.

Ni mimi,
Mama yako