Maswali na majibu: Biskuti za kubadilishana msimu wa sikukuu

Sikukuu zikikaribia, maswali tunayoyapata yanahamia kwenye biskuti za kubadilishana. Kwa asiyeujua mtindo huu: kila mtu anaoka aina moja tu, kwa wingi, mnakutana, unagawa zako na unaondoka na mchanganyiko wa za wenzako. Haya hapa tuliyoulizwa safari hii.

Tuko wanane, na tumekubaliana kila mtu ampe kila mwenzake nusu dazeni. Nioke ngapi, na aina gani isiyonipa shida?

Wenzako ni saba, kwa hiyo za kugawa ni 42. Weka kama kumi za sahani ya kuonja, na nyingine chache za akiba, maana hakuna trei isiyotoa iliyovunjika au iliyoungua ukingoni. Oka 60 uwe na amani.

Kama hujaamua aina, chukua biskuti ya siagi. Viungo vyake ni vichache, haina yai, inakaa wiki nzima ndani ya mkebe bila kuchacha, na haivunjiki ovyo njiani. Kipimo chake hakisahauliki: sukari fungu moja, siagi mafungu mawili, unga mafungu matatu, yote kwa uzito. Kwa biskuti 60 za gramu 15 kila moja, hiyo ni sukari gramu 150, siagi gramu 300 na unga wa ngano gramu 450. Siagi ikiwa haina chumvi, tia chumvi nusu kijiko cha chai.

Siagi iwe laini kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kidole inabonyea lakini kidole hakizami. Ikianza kung'aa na kuteleza, imeshapita kiasi, irudishe kwenye friji kidogo. Ichanganye na sukari kwa dakika mbili hivi, kisha tia unga na ukoroge mpaka usiuone tena. Acha hapo hapo. Kuendelea kukanda ndiko kunakofanya biskuti iwe ngumu, kwa sababu unga wa ngano ukikandwa sana hutengeneza utando unaovutika, mzuri kwa mkate lakini si kwa biskuti. Sukuma donge katikati ya karatasi mbili za kuokea mpaka unene wa milimita 6, liweke kwenye friji dakika 30 hadi 45, ndipo ukate maumbo ya upana wa sentimita 5. Oka kwa nyuzi 165 za Selsiasi, dakika 15 hadi 18. Ukingo uwe na rangi hafifu ya dhahabu na katikati pawe bado peupe. Ziache juu ya trei dakika tano kabla ya kuzigusa, maana zikiwa moto hata vidole vyako vitazivunja.

Biskuti zangu za vipande vya chokoleti zinaingia oveni zikiwa vidonge, zinatoka zimesambaa kama karatasi na zimeshikana. Nimeongeza beking soda, ndiyo kwanza hali imezidi. Kosa liko wapi?

Soda ndiyo iliyozidisha. Wengi wanadhani kazi yake ni kuumua tu, lakini pia inapunguza uchachu wa donge, na donge lisilo na uchachu linachelewa kukaza. Siagi inapata muda wa kuyeyuka na kutiririka kabla yai na unga havijashika. Kwa unga gramu 250, nusu kijiko cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, kinatosha. Ikizidi hapo utaanza pia kuonja ladha ya sabuni.

Soda ikishakaa sawa, chunguza mafuta. Siagi ya kawaida ina mafuta asilimia 80 au zaidi kidogo. Majarini laini za kupaka mkate nyingi zina mafuta pungufu na maji mengi, na kwa biskuti hazifai hata kidogo. Soma kwenye kifungashio: ikiwa chini ya asilimia 80, iache ya mkate.

Kisha unga. Ukichota kwa kuzamisha kikombe ndani ya mfuko unapata gramu 150 au zaidi, ukijaza kikombe kwa kijiko unapata kama 120. Kikombe ni kile kile, na pengo hilo tu linatosha kubadilisha biskuti kabisa. Mizani ya jikoni inamaliza ubishi huu, na kama utanunua kifaa kimoja tu kwa ajili ya kuoka, iwe hicho.

La mwisho ni joto la trei. Ukipanga vidonge juu ya trei iliyotoka oveni sasa hivi, siagi inaanza kuyeyuka kabla hujafunga mlango. Tumia trei mbili kwa zamu, na vidonge vikae friji saa moja kwanza. Kabla ya kujaza trei, oka biskuti moja peke yake. Ikisambaa mno, tia unga kijiko kimoja kikubwa kwenye donge lililobaki, changanya, jaribu nyingine. Biskuti mbili za majaribio ni hasara ndogo kuliko trei nzima.

Oveni yangu nikiiweka 180 inaunguza chini na juu pabichi. Nitajuaje joto lake halisi?

Kipimajoto cha oveni ndilo jibu la uhakika. Kama huna, sukari nyeupe ya kawaida itakusaidia, kwa kuwa inayeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Weka kijiko cha chai cha sukari juu ya kipande cha karatasi ya foili, weka oveni nyuzi 190, ikishapata moto sawasawa ingiza sukari dakika 15. Inatakiwa iyeyuke. Isipoyeyuka, oveni yako iko chini ya namba yake. Rudia na sukari nyingine kwa nyuzi 175: hapo haitakiwi kuyeyuka, na ikiyeyuka ujue oveni inazidisha.

Kuungua chini mara nyingi kunatokana na trei nyeusi na nyembamba. Pandisha trei hadi wavu wa katikati, au weka trei mbili zikiwa zimepandana. Na usiamini taa ya oveni ikizimika. Ipe oveni dakika kumi zaidi, kuta zake zipate moto.

Naweza kuoka wiki mbili kabla, au zitachacha?

Usioke, gandisha donge. Liviringishe liwe gogo la unene wa sentimita 4 hadi 5, lifunge kwa plastiki mara mbili, litie friza. Hata miezi mitatu linakaa vizuri. Siku yenyewe likate vipande na uoke bila kusubiri liyeyuke, ukiongeza dakika moja au mbili.

Zilizokwisha kuokwa pia zinagandishika, mradi hazina urembo wa sukari juu. Hapa watu wanaharibu kwenye kuziyeyusha: wanafungua kontena likiwa na baridi, unyevu wa hewani unatua juu ya biskuti, zinalowa. Liache limefungwa mpaka lifikie joto la chumba, umande utue nje ya kontena.

Nilichanganya aina nne kwenye mkebe mmoja. Kesho yake zile kavu zimekuwa laini na laini zimekauka. Imekuwaje?

Unyevu umehama. Ukiziweka pamoja, biskuti laini inatoa maji na kavu inayapokea, mpaka zote zinalingana, na hakuna atakayezifurahia. Kila aina na mkebe wake. Zile za mnanaa zitenge mbali zaidi, harufu yake inaingia kwenye kila kitu.

Zilizolegea unaweza kuzirudisha oveni nyuzi 150 kwa dakika tano, zipoe, zitakuwa kavu tena. Zilizokauka zifungie na kipande cha mkate usiku mmoja, zitavuta unyevu wake. Lakini kama zilitoka oveni zikiwa ngumu tangu mwanzo, mkate hautasaidia sana. Biskuti laini inatolewa wakati katikati bado inaonekana haijaiva, inamalizikia juu ya trei.

Urembo wa sukari juu ya biskuti zangu unatiririka pembeni au unapasuka. Na je, ute wa yai bichi ni salama?

Tuanze na usalama. Biskuti za kubadilishana unazigawa kwa watu usiowajua hali zao: wajawazito, watoto wadogo, wazee. Yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo tumia ute wa yai wa unga uliotiwa joto kiwandani. Gramu 5 za unga huo na maji mililita 30 zinachukua nafasi ya ute wa yai moja. Tia sukari ya unga iliyochekechwa gramu 200, piga dakika nne au tano mpaka iwe nyeupe na nzito.

Sasa uzito wake. Huo uliopiga ni wa kuchorea mstari wa ukingoni. Wa kujaza katikati unazimuliwa kwa maji, matone machache kila mara. Pitisha kisu juu ya urembo kisha hesabu: mstari ukifutika wenyewe ndani ya sekunde 10 hadi 15, uko sawa. Ukifutika kwa sekunde tano utatiririka. Kupasuka mara nyingi kunatokana na kuhamisha biskuti kabla urembo haujakauka, na huo unahitaji saa 6 hadi 8 kwenye meza, bila kufunikwa. Urembo ukipakwa juu ya biskuti yenye moto, hakuna kipimo kitakachouokoa.

Nataka kupeleka tofi laini badala ya biskuti. Mara ya mwisho ziliganda zikawa na chengachenga za sukari.

Punje moja ya sukari iliyobaki ukutani mwa sufuria ikidondokea ndani inaita wenzake, na sufuria nzima inarudi kuwa sukari. Kinga yake ni sharubati ya glukosi. Weka kwenye sufuria kubwa, nzito, sukari gramu 200, glukosi gramu 60 na maji mililita 60. Koroga mpaka sukari iyeyuke, ikianza kuchemka weka mwiko chini, usikoroge tena. Pangusa kuta kwa brashi yenye maji. Ikifika rangi ya kahawia ya dhahabu, ondoa motoni, tia krimu ya moto mililita 200 kidogo kidogo, itafura na kurusha mvuke, kaa mbali. Tia siagi gramu 50 na chumvi kidogo, rudisha motoni, na sasa koroga mpaka nyuzi 120.

Bila kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi: likishikana kuwa kidonge kinachobonyea bila kusambaa, imeiva. Nyuzi mbili tatu zikipungua tofi hazitashika umbo, zikizidi zitaumiza meno. Anayeishi mahali pa juu achemshe maji kwanza na kuyapima. Maji yakichemka kwa nyuzi 96, basi tofi yake iishie 116. Mimina kwenye trei ya sentimita 15 kwa 15 yenye karatasi, subiri saa tatu hadi nne, kata vipande 36, kila kimoja ukifunge peke yake, la sivyo kufika kesho vitakuwa donge moja.

Kuna mmoja wetu mwenye mzio wa karanga. Nikioka zangu bila karanga inatosha?

Haitoshi kama mwiko, trei na meza vilipita kwenye karanga muda huo huo. Oka zisizo na karanga kwanza, kwa vyombo vilivyooshwa kwa sabuni, kisha zifungwe kabla hujafungua karanga. Andika kwenye kila mkebe viungo vyote, hata ngano, maziwa na yai. Chokoleti nayo isome kifungashio, nyingi huandikwa kwamba zinaweza kuwa na chembe za karanga. Na mwenye mzio achukue zake kabla sahani hazijaanza kuzunguka mezani, maana koleo moja huwa linagusa kila kitu.

Naweza kuleta biskuti zenye krimu katikati?

Hapana. Krimu mbichi na kastadi hazitakiwi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na shughuli yenyewe pamoja na safari za kurudi makwao itapita hapo. Jaza jamu nzito iliyochemshwa, au chokoleti.