Maswali Yenu: Nimerudisha Bahasha ya Jirani, Je Hii ni Imani au Kiburi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Morogoro, miaka mingi nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati, na Mungu alinibariki kwa kweli. Kanisani nilikuwa mtu wa kutoa, mchango wa harusi nipo, msiba nipo, harambee nipo. Sasa biashara imeanguka, nilichukua mkopo benki nikawakopesha mafundi saruji hawajalipa mpaka leo, duka nimefunga, mke wangu anakaanga vitumbua asubuhi ndo tunakula. Jumuiya sijaenda muda mrefu manake kila mtu ataniuliza. Na kwenye harambee ya kuezeka kanisa niliahidi milioni 2, sijatoa hata shilingi na sijamwambia mtu. Juzi mama mmoja wa jumuiya yetu, anauza mchicha na matembele sokoni, alileta bahasha ina elfu kumi, mimi sikuwepo, niliporudi nikamtuma mtoto airudishe aseme baba anashukuru ila sisi tunamtegemea Mungu. Mke wangu amelia, anasema hicho ni kiburi. Mimi naona ni imani, Yeremia 17:5 inasema amelaaniwa mtu yule amtegemeaye mwanadamu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Pole sana, kufunga duka ulilolijenga miaka yote ni msiba kabisa, na nakushukuru umeandika bila kuficha. Na mimi nikujibu bila kuficha, kwa heshima yote: kwenye hili la bahasha niko na mama, mkeo.

Tuanze na huo mstari manake ndio umeushika. Umeusoma nusu. Wote unasema "Amelaaniwa mtu yule amtegemeaye mwanadamu, amfanyaye mwanadamu kuwa kinga yake, na moyoni mwake amemwacha Bwana." Kesi iko hapo mwisho. Yeremia alikuwa anasema na Yuda, taifa dogo limebanwa na Babeli, wakubwa wake wanapiga hesabu za jeshi la Misri lije liwaokoe huku neno la Mungu wamelitupa, na kweli jeshi la Farao lilitoka kisha likarudi kwao kama alivyowaambia (soma sura ya 37), wakabaki wenyewe. Huko ndiko kutegemea anakokulaani. Yule mama na elfu kumi yake hajaja kuchukua nafasi ya Mungu nyumbani kwako, nadhani hata wewe unalijua hilo.

Sasa fungua sura inayofuata, ya 38, uone huyohuyo Yeremia aliyeutamka mstari huo yalimkuta nini. Wakuu walimkasirikia wakamshusha kwa kamba kwenye shimo, maji hamna, ni matope tu, akazama kwenye tope, na mji umezingirwa chakula kinaisha, yaani alikuwa anafia mle. Aliyemtoa ni nani? Ni Ebedmeleki, Mkushi, mgeni, towashi wa nyumba ya mfalme. Alimfuata mfalme Sedekia akiwa ameketi langoni akamtetea nabii waziwazi, akapewa watu 30 wa kwenda nao, na kabla ya kufika shimoni akapita kwanza chini ya chumba cha hazina akachukua matambara na nguo zilizochakaa, akazishusha kwa kamba, akamwambia Yeremia aziweke kwapani halafu ndo kamba ipite juu yake.

Mimi kwenye hayo matambara huwa nasimama kila nikisoma. Mtu yuko haraka, anaokoa roho ya mwenzake, na bado amewaza kamba isije ikamchuna kwapa mtu aliyedhoofu. Na Yeremia akafanya alivyoambiwa, akaweka matambara kwapani akavutwa, hakusema niacheni namngoja Bwana. Baadaye Mungu anamtumia Ebedmeleki ujumbe kupitia Yeremia kwamba ataokoka mji utakapoanguka, kwa sababu gani? Kwa kuwa alimtumaini Mungu (39:18). Kwa hiyo siku ile pale shimoni anayevuta anamtumaini Mungu, anayevutwa anamtumaini Mungu, na kamba iko katikati yao, haikumpunguzia Mungu utukufu wowote.

Kiburi cha mtu anayejisifu na kukanyaga wenzake kila mtu anakiona, hata watoto wanakiona. Cha mtu mwema ni kigumu kukijua, hasa yeye mwenyewe. Petro alimwambia Yesu "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," ukisikiliza haraka unasema huyu ndo mnyenyekevu kuliko wote mezani, lakini Yesu akamjibu "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Petro alikuwa anataka apange yeye nani amhudumie nani. Na wewe mzee wangu miaka yote umekaa upande wa kutoa, na ni pazuri sana hapo, tena pana heshima yake, jina linasomwa, akina mama wanapiga vigelegele. Sidhani kama njaa ndiyo inakutisha sasa. Naona kinachokutisha ni kuonekana umekaa upande ule mwingine, na jina la Mungu ukalichukua likusaidie kujificha. Sikusemi kwa ubaya, wengi wetu tumeumbwa hivyohivyo, hasa wanaume tuliozoea kutegemewa.

Halafu kuna hili: neno la Bwana Yesu ambalo Paulo alilikumbusha wazee wa Efeso, "Ni heri kutoa kuliko kupokea," wewe umeionja heri hiyo miaka na miaka. Yule mama naye alitaka kuionja ukamrudishia mlangoni kwa mkono wa mtoto. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Elfu kumi kwa mtu anayeuza mchicha kwa mafungu, anayeamka usiku kuuwahi shambani, ameikunja kwenye bahasha akatembea nayo mpaka kwako, huwezi jua imetoka kwenye nini. Paulo aliwaambia Wakorintho wingi wao ufae upungufu wa wengine, ili na wingi wa wale ufae upungufu wao siku ikifika (2 Wakorintho 8:14). Siku imefika kwako, basi.

Fanya hivi. Nenda kwake mwenyewe, usitume mtu, wala usiende na maelezo marefu, mwambie mama nisamehe, na akikupa tena pokea kwa mikono miwili mbele ya yule mtoto uliyemtuma, manake na yeye umemfundisha kitu siku ile. Ile ahadi ya milioni 2 mwone mchungaji na mweka hazina uwaambie kwa sasa siiwezi, hiyo usiikimbie kimyakimya kwa sababu na wao wanapiga hesabu za mabati wakiiweka ndani. Benki usikwepe simu zao, wafuate wewe kabla hawajakufuata uombe wakupangie upya marejesho. Waliokula saruji yako wadai, tena usione haya, kunyenyekea hakumaanishi kuachia haki yako iliwe. Na jumuiya rudi wiki hii, wakikuuliza duka vipi sema limefungwa.

Mama naye mpe pole kwa niaba yetu. Kwa sasa Mungu anawalisha humo ndani kwa vitumbua vyake, kama hujamshukuru fanya hivyo leo.

SWALI: Mimi ni binti naimba kwaya huku Eldoret, naongoza solo. Watu wakinisifu nasema "ni Mungu tu" lakini moyoni nafurahi sana, halafu naanza kujihukumu kwamba nina kiburi. Nikaacha kuimba kwa muda. Nifanyeje?

JIBU: Rudi ukaimbe mdogo wangu. Kufurahi ukisifiwa sio dhambi, sema asante halafu endelea na shughuli zako. Sauti umepewa, na Paulo aliuliza "Nawe una nini usichokipokea?", ukilikumbuka hilo huna haja ya kujidharau wala ya kujifanya hujaimba vizuri wakati umeimba vizuri.

Kiburi chako kipime mahali pengine. Msome mfalme Uzia kwenye 2 Nyakati 26, alianza kutawala ana miaka 16, akatawala miaka 52, alipenda kilimo, alichimba visima vingi, alitengeneza mitambo ya kurusha mishale kutoka minarani, na Biblia haimlaumu kwa kipaji chake hata kidogo, inasema alisaidiwa kwa ajabu hata alipokuwa na nguvu. Nguvu zilipokuja ndo moyo ukainuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo haikuwa yake. Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamwambia toka. Hapo alikuwa bado na nafasi ya kutoka! Akakasirika, chetezo kikiwa mkononi, ukoma ukamtokea kwenye paji la uso palepale. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya akikwambia leo umeimba juu ya noti, au solo safari hii apewe mwenzako, jiangalie moyo wako unafanya nini dakika hiyo. Vigelegele haviwezi kukuonyesha.

SWALI: Nimemaliza chuo, ajira sijapata, nafunga na kuomba namngoja Bwana anifungulie ofisi. Mjomba ana gereji hapa Dodoma ananiita nikamsaidie, nikakataa maana nina digrii. Mama amekasirika ananiita mvivu. Nimwelezeje kwamba hii ni imani?

JIBU: Mdogo wangu, usimweleze mama kitu, msikilize. Paulo alisomeshwa miguuni pa Gamalieli, mwalimu aliyeheshimiwa na watu wote Yerusalemu, na alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila akashona mahema nao kwa sababu kazi yao ilikuwa moja (Matendo 18:3), na siku za sabato yuko sinagogi anahubiri. Hakuna mahali alipoona mahema yanamshusha au yanazuia Mungu kumfungulia mlango. Endelea kufunga na kuomba, endelea kutuma barua za maombi ya kazi, na mjomba mpigie leo umwombe radhi, Jumatatu uwe gereji asubuhi na nguo za kuchafua.