Ndege na nyuzi za kufumia: usiwawekee, na mengine ya kufuma uani penye miti

Dada mwenye uzi, shikamoo kama umenizidi, na kama tuko sawa basi habari za huko. Nimeyasoma maswali yako yote. Umehamia nyumba yenye miti, ndege wanashuka barazani kuokota masalia ya nyuzi zako, na umeona kwenye video watu wa Ulaya wakiwatundikia ndege vikapu vya nyuzi ili wajengee viota, unauliza nawe ufanye hivyo. Halafu kuna wanyama wanaokuharibia kazi. Mwisho unataka kuwakusanya wenzio mfume pamoja, lakini unaogopa visije vikazaliwa visa. Mimi nafuma na kudarizi hapa Muheza. Uani kwetu kuna msufi mkubwa, minazi, mipapai, na michungwa ambayo huku haikosekani, kwa hiyo wageni wa aina yako nawajua vizuri.

Nianze na nyuzi maana ndiko kwenye madhara. Usiwawekee. Na ukimaliza kufuma, fagia masalia yote, usiyaache chini ukisema upepo utayachukua.

Kama umewahi kufuga kuku wa kienyeji utanielewa upesi. Unamwona kuku anachechemea, ukimshika unakuta uzi, au nywele za rasta alizosukiwa mtu pale uani, zimejifunga kidoleni. Kuku akitembea zinakaza, na ukichelewa kidole kinakuwa cheusi na kukatika. Huyo ni kuku, mguu wake mnene na unamwona kila siku. Kinda la ndege lililoko kiotani hakuna atakayeliona.

Sisi tuliliona moja kwa bahati. Chozi jike, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, alijenga kwenye kipande cha waya kinachoning'inia upenuni, karibu kabisa na tunapokaa. Machozi hawaogopi nyumba, wengine hujenga hata kwenye kamba ya nguo. Likabaki kinda moja, manyoya yameshaota, linapigapiga mabawa mlangoni mwa kiota na halitoki. Jirani yangu akapindua ndoo akapanda, mimi nikakishika kiota kwa chini. Mguu wa kinda la chozi ni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Juu ya kifundo ulikuwa umezungukwa na sufu ya rangi ya waridi, ile ya kufumia sweta za watoto, mzunguko juu ya mzunguko, ngozi imevimba juu na chini yake. Upande wa pili uzi uleule ulikuwa umesukwa ndani ya kiota, kwa hiyo kinda lilikuwa limefungwa kama mbuzi. Tulichukua kile kimkasi cha kudarizia chenye ncha zilizochongoka, ncha moja tukaipenyeza chini ya uzi kwa kuufuata mguu, si kwa kuukingama, tukakata. Nyuzi zilizobaki tukazichambua moja moja kwa sindano butu ya kuunganishia sweta. Mama mtu alikuwa kwenye mpapai anatutukana muda wote huo. Tulipoondoka tu akarudi na chakula mdomoni.

Hizi sufu za madukani nyingi ni za plastiki, ukisoma lebo utaona zimeandikwa akriliki. Haziozi, wala hazikatiki kirahisi. Uzi wa pamba unaoza mwishowe, ila wiki mbili tatu ambazo kinda linakaa kiotani hazitoshi pamba kuoza, kwa hiyo usiniambie wako ni wa pamba. Nailoni ya mshipi ndiyo mbaya kupita zote.

Tena chozi hahitaji msaada huo. Jike ndiye anayejenga, peke yake, na nyuzi zake ni utando wa buibui. Ukikaa kimya utamwona anapita kona za upenu, anazungusha mdomo kwenye utando kama anakunja tambi, kisha anaenda kubandika majani makavu na vipande vya magome. Utando unanyumbuka, kinda likikua kiota kinatanuka nalo. Kwa hiyo kama unataka kumsaidia ndege, acha kufagia utando wote wa nje ya nyumba. Wa ndani fagia, wageni wasije wakakusema. Ila wa upenuni, nyuma huko, muachie yeye.

Na kama roho yako haitulii mpaka umpe kitu kwa mkono, mpe sufi. Hapa ndipo navimba kichwa kidogo kwa sababu ya huu msufi wetu. Kiangazi unapukutisha majani, unatoa maua usiku, na popo wanaujaa kuyafuata, makelele mpaka alfajiri. Baadaye maganda yanapasuka na sufi inaanza kupeperuka uani kote. Wenye nguo kambani wanakasirika. Machozi na ndege wengine wadogo wanashangilia, wanaokota vijipande kwenda kutandikia ndani ya kiota. Nyuzi za sufi ni fupi na telezi, hata wewe fundi ukitaka kuzisokota ziwe uzi hazikubali, zinaachana. Ndiyo maana haziwezi kumfunga ndege mguu. Halafu haziloweki maji upesi. Zamani maboya ya kujiokolea majini yalijazwa hiyo hiyo sufi. Weka fumba moja kwenye kikapu kidogo cha ukindu, tundika tawini mahali paka hafiki, basi.

Sufi itakayobaki jazia mito. Usiingize na mbegu zake, panya watakuja kuzitafuta ndani ya mto. Sisi tunaianika juani ndani ya chandarua kikuukuu kilichofungwa mdomo, kisha tunaichapa kwa fimbo nyembamba. Mbegu zinadondoka, sufi inabaki. Jifunge kitambaa puani, na usifanye kazi hiyo karibu na jiko, maana sufi ikiona cheche haikupi nafasi ya kusema bismillahi.

Sasa wanyama.

Kunguru ndiye mwizi wa wazi. Hachagui; sabuni anabeba, kijiko anabeba, na akiwa anajenga anabeba hata waya. Huyu mwenye shingo ya kijivu aliyejaa Tanga mjini si wa huku, aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, na chozi wako akiwamo. Dawa yake ni kumkosesha chakula: mabaki ya samaki yafukie au yafunike, pipa la taka liwe na kifuniko. Kikapu chako cha nyuzi kiwe na mfuniko pia. Sanamu za kumtisha anazizoea mapema sana, usipoteze nguo.

Tumbili hana shida na nyuzi, shida yake ni mipapai. Lakini akipita kwenye kamba atavuta kitambaa ili aone ni nini, na kitambaa cha kroshia kikikatika uzi mmoja kinafumuka. Anika vitambaa vyako mkiwa mmekaa palepale. Wala usimrushie ndizi kwa kumwonea huruma. Ukimlisha leo, kesho anaingia jikoni.

Ulilouliza la vitambaa kuliwa pembeni, hao si panya, au si panya peke yao. Ni kanji. Tunatia kanji ili kitambaa cha meza kisimame, na kanji ni chakula. Mende wanaitafuna na nyuzi zinaondoka nayo. Wale wanaotumia maji ya sukari badala ya kanji wanapata kitambaa kinachosimama vizuri kweli, na sisimizi wa bure. Mimi natumia unga wa muhogo. Nakoroga kijiko kwenye maji ya baridi kwanza, namiminia maji yanayochemka huku nakoroga mpaka iwe kama uji mwepesi unaopitisha mwanga, nachuja, nachovya, nakamua, natandaza juu ya bakuli lililopinduliwa, nabana pembeni kwa pini. Cha kuuza natia kanji. Cha kuweka sandukuni nakifua kiishe kanji yote, nakikausha kabisa, nakikunja na majani makavu ya mwarobaini. Kitiwe kanji siku ya kutumika.

Mijusi ya ukutani iache ikae. Inakula mende na mbu, gharama yake ni vile vinyesi vyeupe kwa vyeusi juu ya kitambaa chako. Tandaza khanga kuukuu juu ya kazi usiku, umemaliza.

Na huyo mnayesema ni mtoto analia mtini usiku wa manane, sio jini, ni komba. Washa tochi uelekeze juu utaona macho mawili yanang'aa mekundu. Wa huku pwani ni yule mkubwa mwenye mkia wa manyoya mengi. Anafuata mapapai, wadudu na utomvu wa miti, na tembo la mnazi akilipata kwenye kibuyu cha mgema hasubiri kukaribishwa. Kuna mtu amekushauri umtege, watoto wamfuge. Hapana. Anajikojolea mikono na miguu ndipo aruke mtini, ndani ya nyumba hutaipenda harufu hiyo. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata au kufuga mnyamapori bila kibali.

La kikundi ndilo nililotaka kulisema kwa urefu, kwa sababu nimeona vikundi vingi vikifa, na sijaona hata kimoja kilichouawa na kufuma. Vinauawa na pesa.

Sisi tunakaa kila Jumamosi baada ya alasiri, chini ya msufi kama haupukutishi, barazani kama unapukutisha. Wapo wanaofuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, wapo wanaodarizi mashuka na foronya, zile za “Usiku mwema” na “Karibu mgeni” ambazo vijana wa mjini walizicheka kisha sasa wanaziagiza kwa ajili ya harusi. Kila mtu anakuja na kazi yake, uzi wake, na kiti chake kama anacho. Chai inatoka kwa mwenye nyumba, vitafunio wanaleta wageni. Mchezo wa pesa, ule wa kuchanga na kupokezana, tunao, lakini una daftari lake, na una siku yake nyingine. Mwenzetu akikwama kulipa mchezo, aweze bado kuja Jumamosi kufuma bila kuona haya. Mkiviunganisha hivi viwili, siku ya kwanza mtu atakayeshindwa kulipa ataacha vyote, na mtampoteza fundi mzuri kwa sababu ya shilingi elfu kumi.

Ikija oda kubwa, msigawane kitambaa kimoja. Mikono haifanani. Mmoja anavuta uzi, mwingine anaulegeza. Namba ya kroshia ni ileile na uzi ni uleule, lakini duara la huyu linalala mezani na la huyu linajikunja kama kofia. Mkiyaunganisha, kitambaa kinapinda na mteja anaona. Gawaneni kwa vitu vizima: huyu seti ya makochi, huyu kitambaa cha meza, huyu foronya mbili. Kwa kudarizi ndivyo hivyo hivyo. Shuka moja, mkono mmoja, hata kama harusi ni kesho kutwa. Mwenye oda ndiye anayeongea na mteja na kupokea malipo ya awali, na bei inatajwa mbele ya wote kabla ya uzi kununuliwa.

Wanaojifunza wape kazi ya kweli. Msichana akipewa kitambaa cha mazoezi mwaka mzima atachoka aende zake. Mpe ukingo wa foronya kwa mshono wa mnyororo, uuzwe, apate chake.

Masengenyo hutayazuia, nami sijaribu. Tuna bibi mmoja mkali, maneno yakianza kunoga sana anawaelekeza wote watazame minazini, kwa minana, wale ndege wanaofuma viota. Dume la mnana linachana jani bichi la mnazi kwa mdomo, linaning'inia kichwa chini na kufunga fundo la kweli kwa mdomo na kucha, kisha jike anakuja kukagua kiota. Asiporidhika anaondoka, na dume anakifumua chote aanze upya. Naye bibi: “Na nyie mnalalamika nikiwaambia mfumue safu mbili!” Hapo mazungumzo yanahamia kwa waume, yaani bado ni masengenyo, lakini angalau si ya jirani.

Swali la wapi utapata sufi kama huna msufi: siku za soko uliza wanaouza mito ya sufi, wengine wanaiuza pia kwa kilo, hasa msimu wa maganda kupasuka. Shika fumba ubonyeze. Ikiinuka polepole kurudi ilivyokuwa, nunua. Ikibaki imelala na ina harufu ya ukungu, imewahi kulowa. Na hao ndege wanaookota nyuzi barazani kwako, piga picha uweke hapa. Kama wana mdomo mrefu uliopinda ni machozi. Kama wana mdomo mfupi mnene, huenda ni minana au shomoro, na hapo nitakuwa na la kuongeza.