Wali wa mchele mpya wa Kyela usigeuke bokoboko

Dada wa Uyole, Mbeya, umesema unapika mchele mpya wa Kyela kwa vikombe 2 vya maji kila kikombe cha mchele, na wali unashikana. Maji yamezidi. Mchele mpya bado una unyevu, haunywi kama uliokaa ghalani. Anza na kikombe 1 na robo.

Chagua mawe, osha mara 3 au 4 mpaka maji yaache kuwa meupe. Ule weupe ni wanga, ndio gundi yenyewe. Chuja vizuri.

Kwa vikombe 2 vya mchele pasha vijiko 2 vya mafuta, kaanga dakika 2 au 3 hadi punje ziachane, ndipo utie chumvi na maji yanayochemka. Geuza mara moja tu, kisha weka mwiko kando, maana kukorogakoroga huvunja punje na kutoa wanga zaidi. Maji yakikauka juu, punguza moto, funika, palia makaa machache juu ya mfuniko dakika 15. Mbeya iko juu, maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100 na wali huchelewa kuiva, kwa hiyo usiharakishe kuepua. Ukikuta kiini, nyunyizia maji ya moto kidogo, usimimine.

Chenga zikiwa nyingi wali hauchambuki hata ufanyeje. Zitenge kwa ungo, zinafaa vitumbua.

Na tafadhali, baridi isikufanye upikie mkaa ndani huku umefunga madirisha. Hewa yake inaua. Kichwa kikiuma au ukisikia kizunguzungu, toka nje mara moja, uende hospitali.