Maswali na Majibu: Kabla hujaomba ruhusa ya kwenda kozi ya udhibiti wa mawasiliano

Maswali ya safari hii yametoka kwa maofisa wa mamlaka za udhibiti na wizara. Nimechagua matano.

Kozi gani fupi ya udhibiti wa mawasiliano ina cheti kinachotambulika?

Swali hili linarudi kila mara, na anayeuliza hasemi anafanya kazi gani. Uko kwenye leseni? Masafa ya redio? Bei? Malalamiko ya wateja? Kozi ya masafa haitamfaa mtu wa bei. Angalia jalada lililokukwama mezani, utafute kozi inayoligusa. Ukianza na cheti utarudi nacho na jalada utalikuta palepale.

Ofisi yetu haina bajeti. Kuna mafunzo yasiyo na ada?

Yapo. USTTI, taasisi ya Marekani ya mafunzo ya mawasiliano iliyoanzishwa mwaka 1982, haitozi ada ya masomo. Kazi ni nauli na malazi. AFRALTI, taasisi ya mafunzo ya mawasiliano iliyoko Nairobi, inatoza, lakini nauli ya basi kutoka Arusha si tiketi ya ndege ya Washington. Mwongozo wa udhibiti wa kidijitali wa ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) na Benki ya Dunia uko mtandaoni bure. Usome kabla ya kufunga begi.

Kampuni tunayoisimamia imejitolea kulipia mafunzo ya wakuu wetu wa idara. Tukubali?

Hapana, hata kama barua imepitia wizarani. Kesho kampuni hiyohiyo italeta ombi la leseni au la bei, na atakayeliandikia maoni ni yule aliyelala hotelini kwa fedha ya kampuni. Kama mmeshajibu ndiyo, andikeni barua nyingine leo, kabla tiketi hazijakatwa.

Mimi ni mwanasheria. Kwa nini nalazimishwa kusoma gharama za mitandao?

Kwa sababu maamuzi utakayoyatetea mbele ya baraza yamejengwa juu ya hesabu hizo. Chukua gharama za mwingiliano, yaani fedha ambayo mtandao wa anayepiga unaulipa mtandao wa anayepokea kwa kila dakika. Zikiwa juu, kupiga mtandao mwingine kunakuwa ghali, na mwananchi anatembea na laini tatu mfukoni. TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, ilizipangia ngazi za kushuka: shilingi 34.92 mwaka 2013 hadi 26.96 mwaka 2017, kisha 15.60 mwaka 2018 hadi 2 mwaka 2022. Kila ngazi ina kampuni inayopoteza mapato, na kampuni hiyo haiji mikono mitupu. Inakuja na wakili na jedwali la gharama zake.

Nimewahi kukaa kwenye darasa lililooneshwa jedwali la namna hiyo ukutani. Wakubwa walikuwa wanapiga picha kwa simu. Mhasibu mmoja kijana akaomba mstari wa minara ukuzwe, akauliza: "Jenereta la mnara huu linabeba na intaneti, mbona mafuta yote yamewekwa kwenye dakika za sauti?" Mkufunzi akafuta, akagawa upya, na gharama ya dakika ikashuka mbele ya macho yetu. Swali lile lilikuwa na thamani kuliko wiki nzima ya hotuba. Nawaombeni wakurugenzi: mpelekeni mtu kama yule, na mwanasheria akae kiti cha pembeni yake. Mkurugenzi anayebakisha mwaka mmoja kustaafu aache nafasi.

Hesabu peke yake pia haitoshi. Kenya ilishusha gharama hizo kutoka shilingi za Kenya 4.42 hadi 2.21 Julai 2010, lakini ngazi ya mwaka uliofuata ikasimamishwa baada ya shinikizo. Kozi isiyowafundisha washiriki kujiandaa na shinikizo la namna hiyo haijakamilika.

Tumeundiwa kamati ya kupitia upya sera ya mawasiliano. Tuige nchi gani?

Msiige. Mwaka 1999 Kenya iligawa shirika la posta na simu, wakapata Telkom, Posta na mdhibiti. Mwaka 2003 Tanzania iliunganisha tume ya mawasiliano na ile ya utangazaji, ikaundwa TCRA. Kila mmoja alikuwa anatatua tatizo la kwake. Nimeona rasimu iliyonakiliwa hadi ikasahau kubadili jina la wizara. Kama mko Tanzania, ombeni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote orodha ya kata zisizo na mnara, na iwe mezani kikao cha kwanza, kabla hamjagusa rasimu ya mtu yeyote.