Umekabidhiwa idara ya taka? Usianze na magari

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amekabidhiwa idara ya taka ngumu katika manispaa yao, wakubwa wake wanataka orodha ya magari ya kununua, naye anaomba ushauri. Ujumbe wake umenitonesha kidonda, maana nami nilipoingia kwenye kiti hicho niliombwa orodha ileile.

Sikuitoa. Niliomba mizani kwanza. Kikaoni walinicheka, lakini hakuna hata mmoja aliyejua mji unazalisha tani ngapi wala ngapi zinafika dampo. Kila ripoti ilinakili makadirio ya mwaka uliotangulia. Basi tukapima kila gari lililoingia, mizigo mingine tukaimwaga chini na kuichambua kwa mikono. Zaidi ya nusu ilikuwa taka za kuoza. Baadaye nikakuta ripoti ya Benki ya Dunia ya 2018 inasema hivyohivyo kuhusu miji ya nchi za kipato cha chini. Kumbe tulikuwa tunachoma mafuta kubeba maganda na maji, yakaozee dampo mahali pasipo hewa na kutoa methani, gesi inayozidisha joto la dunia!

Tukaanza na masoko. Ukiweza kutenganisha taka sokoni, ambako mabaki ni mengi na yako mahali pamoja, umeshatua mzigo mkubwa kabla hujagonga mlango wa nyumba hata moja. Mboji tuliitengeneza karibu na masoko yenyewe. Safari za dampo zikapungua, na magari yaleyale mabovu yakaanza kufika mitaa ambayo haikuwahi kuyaona. Hilo najivunia, na sitaona haya kulisema.

Tena, ndugu yangu, panda dampo mwenyewe, na upande wakati wa mvua. Julai 2000 mlima wa taka wa Payatas, Ufilipino, uliporomoka ukaua watu zaidi ya 200. Machi 2017 ikawa Koshe, Addis Ababa, na huko nako walikufa zaidi ya 100. Taka zikirundikwa kwa mteremko mkali bila kushindiliwa, maji yakajipenyeza ndani, ipo siku zitashuka juu ya watu. Wanaofukiwa ni wale wanaoishi na kufanya kazi pale chini, watu ambao kiongozi wa ofisini hajawahi kuwapa mkono.

Mimi niliwapa. Waokota taka wa dampo letu walitakiwa wafukuzwe, uzio ujengwe. Nilikaa nao, wakanionyesha ni plastiki ipi ina mnunuzi na ipi haina, jambo ambalo mtaalamu tuliyemlipa hakulijua. Nikapeleka kikaoni mfano wa Pune, India, ambako ushirika wa waokota taka uitwao SWaCH uliingia makubaliano na manispaa mwaka 2008, ukawa unakusanya taka nyumba kwa nyumba na kulipwa ada na kaya. Nasi tukaunda vikundi, kila kikundi na mitaa yake. Nikaomba mpango ule uwe sheria ndogo. Baraza likaahirisha, likaahirisha tena.

Nilipohamishwa, mkuu mpya akaikabidhi kazi yote kwa mkandarasi mmoja. Vikundi vikaondolewa kwa barua ya ukurasa mmoja. Kulikuwa na uzinduzi, magari yakapambwa, hotuba zikatolewa, na waliosafisha mji ule miaka yote hawakualikwa. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo sikiliza. Uongozi wa taka unahitaji mtu anayesimama na takwimu zake hata akichekwa. Pima. Kisha pima tena msimu ukibadilika, kwa kuwa taka za masika si za kiangazi. Katika nchi za kipato cha chini kazi hii hula karibu asilimia 20 ya bajeti ya manispaa, na sehemu kubwa ni mafuta, matairi, matengenezo na mishahara. Wakubwa wakikuletea gari, dai kifungu cha kuliendesha miaka yote litakayofanya kazi, wasipokitoa, likatae. Utaonekana mkaidi. Vumilia.

Na waokota taka waingize kwenye mkataba mapema, kwa majina ya vikundi vyao, mitaa yao na malipo yao, sheria ndogo ipitishwe ungali kwenye kiti.