Kubadili sekta za NVMe kutoka 512 kwenda 4096 kwenye Linux

Mkuu, umeuliza mawili: kama NVMe yako (SSD inayochomekwa kwenye ubao wa kompyuta) inaweza kutolewa kwenye sekta, yaani vipande ambavyo diski huhesabia data, za baiti 512 na kupelekwa 4096 bila kupoteza video za harusi zilizomo, na kama baada ya hapo kuhariri kutakuwa kwepesi. La kwanza, haiwezekani. Ukibadili sekta, kila kilichomo kinafutika, hakuna njia ya mkato. La pili, utapata kidogo mno, na kwa mafaili makubwa ya video huenda usione tofauti yoyote. Hii kazi naifanya hapa Ngamiani, Tanga, kwa watu wa studio, na wengi huja na matumaini makubwa kuliko diski zenyewe.

Sababu ni kwamba ndani ya SSD hakuna kipande cha 512. Kurasa za NAND, zile chipu zinazotunza data, ni kubwa zaidi, kilobaiti 16 ni kitu cha kawaida siku hizi. Ile 512 ni namna tu diski inavyojitambulisha kwa kompyuta, urithi wa diski za sahani. Watengenezaji wa hizo za sahani walikubaliana miundo yao mipya ihamie 4096 kufikia Januari 2011, ila nyingi ziliendelea kujiita 512 ili mifumo ya zamani isikwame, na SSD nazo zikafuata. Halafu ext4 yako, mfumo wa mafaili wa Linux, kwa kawaida inaandika vipande vya 4096 hata sasa hivi.

Bado unataka? Haya, anza kwa kuiuliza diski yenyewe:

lsblk -o NAME,PHY-SEC,LOG-SEC
sudo nvme id-ns -H /dev/nvme0n1 | grep "LBA Format"

Amri ya pili inatoka kwenye pakiti ya nvme-cli. PHY-SEC (sekta halisi) usiiamini sana, NVMe nyingi husema 512 hapo na kwenye LOG-SEC (sekta inayoonwa na mfumo) pia. Tazama mistari ya LBA Format, yaani saizi za sekta ambazo diski inazikubali: kila mmoja una namba, Data Size, na daraja alilotoa mtengenezaji mwenyewe kama Good au Better. Unaotumika sasa umeandikwa "in use". Ukiona mstari wa 4096 wenye Metadata Size 0, shika namba yake. Mara nyingi ni 1, lakini si lazima, kwa hiyo usinakili namba ya mtu mwingine. Diski za seva huwa na mistari yenye metadata ya baiti 8, hiyo achana nayo. Na ukiona mstari mmoja tu wa 512, kama ilivyo Samsung 970 EVO, basi safari imeishia hapo. Hakuna programu ya kuongeza kisichokuwemo.

Diski iwe imechomekwa kwenye ubao wa kompyuta. Ukiiweka kwenye kasha la USB inajitokeza kama /dev/sda na amri hizi haziifikii. SSD za SATA, karibu zote, hazikubali kabisa.

Washa kompyuta kwa flashi ya Linux, usifanye ukiwa ndani ya mfumo uleule unaotaka kuufuta. Kama mashine ina NVMe mbili, piga sudo nvme list na ulinganishe namba ya serial na stika ya diski, kwa sababu nvme0 ya jana inaweza kuwa nvme1 leo ukishawasha upya. Hapa ndipo watu hulia. Chaji ijae, au UPS iwepo, umeme wetu unaujua. Kisha piga hii, ukiweka namba uliyoishika badala ya 1 na jina la diski yako:

sudo nvme format --lbaf=1 /dev/nvme0n1

Kwa kawaida ni sekunde chache tu. Ikigoma, baadhi ya laptopu huifunga diski wakati wa kuwaka. Ilaze mashine, iamshe, jaribu tena. Ikikubali lakini lsblk bado inaonyesha 512, zima na uwashe.

Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo. Kuna kijana wa Sahare aliniletea laptopu akiamini diski imekufa. Alikuwa amechukua nakala ya diski nzima kwa dd, amri inayonakili baiti kwa baiti, akabadili sekta, akairudisha nakala ileile. Mashine haikuona patisheni hata moja. Diski ilikuwa nzima. GPT, jedwali linaloonyesha patisheni zilipo, huhesabu mahali kwa sekta, si kwa baiti: kichwa chake hukaa sekta ya 1, ambayo zamani ilikuwa baiti ya 512 na sasa ni baiti ya 4096, na patisheni iliyoanzia sekta ya 2048, yaani MiB 1, sasa inatafutwa kwenye MiB 8. Tuliiweka ile nakala kwenye diski nyingine, tukaifungua kwa sudo losetup -rfP --show nakala.img, tukatengeneza patisheni mpya, tukahamisha mafaili kwa rsync -aHAX. Kila kitu kilirudi. Kwa hiyo bakapu yako iwe ya mafaili, si ya diski nzima. Hata kama patisheni zingepatikana, XFS (mfumo mwingine wa mafaili) iliyotengenezwa kwa sekta za 512 haifunguki kwenye 4096, na patisheni ya FAT ya kuwashia vilevile.

Hiyo ya FAT ina mtego mwingine. FAT32 inataka klasta, yaani vipande inavyogawia mafaili, zisizopungua 65,525, na klasta haiwezi kuwa ndogo kuliko sekta, kwa hiyo patisheni ya EFI, ndiyo hiyo ya kuwashia, ya MB 100 haitoshi tena. Mimi huipa MiB 512. UUID (vitambulisho vya patisheni) zitabadilika, rekebisha /etc/fstab na usakinishe upya GRUB, programu inayowasha Linux. Mashine ya zamani isiyo na UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta uliochukua nafasi ya BIOS) haitawaka kutoka kwenye diski ya 4096, na Windows 7 haiitaki. Windows 8 kuja huku haina shida.

Kwako wewe, mkuu, ningeiacha kama ilivyo mpaka siku utakaposakinisha mfumo upya. Kama kuhariri kunakwama, tazama kwanza kama diski imejaa, kama fstrim.timer (inayoiambia SSD nafasi zilizoachwa wazi) inafanya kazi, na joto. Kwa joto hili letu la Tanga, feni ikivuta vumbi kutwa, NVMe isiyo na bati la kupoza hujipunguzia kasi yenyewe. Piga sudo nvme smart-log /dev/nvme0 katikati ya kazi, usome temperature na Warning Temperature Time, yaani dakika ambazo diski imekaa juu ya joto la onyo. Hiyo ya pili ikiwa inapanda kila siku, nunua bati la kupoza kabla ya kugusa sekta. Weka matokeo yake hapa pamoja na yale ya id-ns, nitayaangalia jioni.